Dobi anayechambua Kiingereza kama nguo

Saa tatu asubuhi jua limeshapanda na kamba za uani zimejaa mashuka. Ndani ya duka, Bi Pasi anachovya vidole kwenye kopo la maji, ananyunyizia kola ya shati jeupe, kisha anaigusa pasi chini kwa kidole kilicholowa. Tss! Anatikisa kichwa. Bado. Anasubiri kidogo, anagusa tena, na safari hii anaridhika.

“Kola kwanza,” anasema bila kuulizwa. “Halafu mabega, halafu mikono. Kifua cha mwisho. Ukianza na kifua, ukifika mikononi kifua kimeshajikunja upya. Utarudia mpaka ukome.”

Pasi inateleza, na midomo yake nayo inacheza. Mgeni angedhani anaomba dua, au anamsengenya mwenye shati. Ukisogea karibu ndipo unamsikia vizuri.

“Slip, kuteleza. Slide, kuteleza kwa kupenda mwenyewe. Slope, mteremko.” Anaugeuza mkono wa shati na kuanza upande wa pili. “Slippery, penye utelezi. Umeona? Wote hao SL. Ukoo mzima hauna breki!”

Anacheka mwenyewe, na kicheko cha Bi Pasi kinasikika mpaka upande wa pili wa barabara.

Hilo ndilo jina analojulikana nalo, Bi Pasi, na hata mwenye nyumba humwandikia hivyo kwenye risiti ya kodi. Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza mbele ya meza hii yenye blanketi la kijivu lililokunjwa mara mbili. Siku nzuri hunyoosha mashati arobaini. Mvua ikinyesha mfululizo nguo hazikauki, na nguo zisipokauka hakuna anayelipa. Hapo hata sabuni anaikopa.

Alisoma shule ya msingi tu. Kusoma na kuandika anajua, ila Kiingereza, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akikisikia kama mvua ya mtaa wa pili. Mwaka jana maneno aliyokuwa nayo ni ‘sorry’ na ‘bye-bye’.

“Na hayo hayahesabiki,” anasema. “Hayo hata kuku wa mtaa huu wanayajua.”

Leo ukutani, juu ya meza yake, kuna kamba nyembamba imefungwa kwenye misumari miwili, na juu yake zimebanwa lebo za kitambaa, zile ambazo dobi hupachika kwenye nguo ili shati la huyu lisiende kwa yule. Ila kwenye lebo hizi hakuna alama ya mteja. Kuna maneno ya Kiingereza, yamepangwa kwa herufi mbili za mwanzo. Kila kundi Bi Pasi huliita ukoo.

Ukimuuliza anajifunza ya nini katika umri huu, haleti maneno ya hekima. Anaelekeza kidole kwenye kiti kidogo kando ya rafu.

“Kwa ajili ya huyo mke mwenzangu,” anasema.

Mke mwenzake ni mjukuu wake, msichana wa miaka minane. Wakati mwandishi anafika mara ya kwanza hakuwepo, alikuwa shuleni.

Mtoto huyo alizaliwa ughaibuni. Mama yake, binti pekee wa Bi Pasi, alikwenda huko kufanya kazi ya kuhudumia wazee, akaolewa huko. Mume alifariki mtoto akiwa hajaanza kutambaa. Binti akabaki peke yake na zamu zake, mchana kazini, usiku kazini, mtoto akalelewa kwenye vituo vya watoto na Kiingereza chao. Kila wiki alikuwa akipiga simu kwa mama yake na kumwahidi kwamba likizo ijayo watakuja, na mtoto atajifunza Kiswahili kwa wiki mbili tu.

Hiyo likizo haikufika. Binti aliugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Aliyebaki upande wa baba ni shangazi mmoja, ambaye wakati huo aliishi kwenye chumba cha kupanga pamoja na watu wengine na hakuwa na pa kumlaza mtoto. Akampandisha ndege, akamleta kwa bibi yake.

“Alikuja amevaa koti zito, jua hili!” Bi Pasi anasimulia. “Nikamwambia vua, hakuelewa. Nikamvua mwenyewe, akadhani namnyang’anya. Akalishika koti, mimi nimelishika koti, tunaangaliana. Watu wawili wa damu moja, na hatuna hata neno moja la kupeana.”

Miezi ikapita. Mtoto alikula, alioga, alikwenda shule, ila hakusema. Shuleni walimu walimwona ni mpole. Mtaani wakampachika jina Kimya. Bi Pasi aliomba jamaa wamfundishe sentensi za Kiingereza, akazikariri kama wimbo, akamwuliza mjukuu kama ana njaa, kama ana usingizi. Mtoto alitikisa kichwa kukubali au kukataa, basi. Sentensi zilipoisha, na yeye aliishia hapo.

Kisha shangazi akapiga simu. Amepata nyumba ya maana, amepata kazi ya mchana. Hakuwa na ubaya wowote, na Bi Pasi analirudia hilo mara nyingi ili mwandishi asije akakosea: mama wa watu ana huruma, anampenda mtoto wa kaka yake. Wakakubaliana kwamba mwaka wa shule ukiisha, mtoto aulizwe mwenyewe anataka kuishi wapi. Atakachosema ndicho kitakachofuatwa.

“Mimi nikasema sawa, na nikaapa mambo mawili,” anasema Bi Pasi, pasi ikiwa hewani. “La kwanza, sitamwomba abaki. Mtoto asikae kwangu kwa kunionea huruma. La pili, siku atakapojibu, nataka nimsikie mwenyewe. Sitaki kuambiwa na mtu kwamba mjukuu wako amesema hivi, amesema vile. Awe anakataa, awe anakubali, neno lake liingie kwenye sikio langu likiwa bado la moto.”

Hapo ndipo ilipoanza kazi.

Maneno ya Kiingereza ni mengi, tena hayana huruma. Bi Pasi alianza kuyachukua jinsi yanavyokuja, leo kijiko, kesho mawingu, na yakatoka kichwani kama yalivyoingia. Aliyemfungua macho ni muuguzi mmoja anayeleta sare zake kila wiki. Siku hiyo mtoto alikuwa na mafua, amekaa kwenye kiti chake. Muuguzi akamtazama, akasema kwa Kiingereza kwamba anavuta kamasi na kupiga chafya.

“Nikamwambia, mwanangu, hebu niandikie hayo maneno. Akaandika. ‘Sniff’, kunusa au kuvuta kamasi. ‘Sneeze’, kupiga chafya. Nikayatazama. Mbona yote yanaanza SN, na yote ni habari za pua? Nikamwuliza kuna mengine? Akafikiri, akaandika ‘snore’, kukoroma. Hee! Pua tena!”

Kwa dobi, jambo hilo halikuwa geni hata kidogo. Mzigo wa nguo ukimwagwa sakafuni unatisha, lakini hakuna dobi anayeufua kama ulivyo. Unauchambua kwanza: vyeupe na vyeupe, vya rangi na vya rangi, vizito kando. Ukishachambua, mlima unakuwa vilima, na kilima mtu anakipanda.

Sasa, jirani wa Bi Pasi kwenye baraza hilo hilo ni Fundi Cherehani, mwanamume mnene, mcheshi, ambaye kila siku baada ya chakula cha mchana huegemeza kichwa kwenye mashine yake na kulala. Siku hiyo alikuwa katikati ya shughuli. Bi Pasi akamshika mjukuu mkono, akampeleka mlangoni, akamwonyesha Fundi kwa kidole na kutamka kwa uangalifu mkubwa: “Snore.”

Fundi naye, kana kwamba amelipwa, akatoa mkoromo uliotikisa mkasi mezani.

Mtoto akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Bi Pasi hakuwahi kukisikia kicheko hicho, na anasema kilikuwa cha marehemu binti yake, kile kile, hakijapungua wala kuongezeka.

“Mimi nikaamshwa na kicheko cha mtu anayenicheka,” Fundi anaingilia kutoka kwenye mashine yake. “Nikauliza kuna nini, naambiwa nafundisha Kiingereza! Tangu lini? Na mpaka leo sijalipwa mshahara.”

“Ulipwe kwa kulala?” Bi Pasi anamjibu.

“Dada, kila mtu na kipaji chake.”

Tangu siku hiyo wateja wa Bi Pasi wakapata desturi mpya. Ukija kuchukua nguo, unaacha neno. Anakutajia herufi mbili za wiki, na wewe utakuna kichwa hadi upate. Mtoto, bado bila kusema, akawa anayaandika kwenye lebo kwa kalamu ya nguo na kuyabana kwenye kamba. Ukaja ukoo wa GL, wa vitu vinavyong’aa: ‘glow’, kuwaka taratibu, ‘glitter’, kumetameta, ‘glass’, kioo. Ukaja ukoo wa WR, na huo Bi Pasi aliupenda kuliko yote kwa sababu ulikuwa ukoo wa kazi yake, wa kupinda na kusokota. ‘Wring’, kukamua nguo. ‘Wrinkle’, kunjo. ‘Wrap’, kufunga mzigo. ‘Wrist’, kiungo cha mkono, kile kinachomuuma usiku baada ya kukamua mablanketi.

“Nikasema, kumbe Waingereza nao wana madobi! Mtu aliyeyaweka maneno haya pamoja, huyo alikuwa amefua.”

Haikuwa kazi bila gharama. Siku moja alizama kwenye koo zake akiwa na shati la karani wa mahakama chini ya pasi. Alipozinduka, moshi ulikuwa umemtangulia. Mgongoni mwa shati palibaki alama ya kahawia yenye umbo la pasi, safi kabisa, mpaka ncha yake ilionekana.

Karani alifoka mpaka watu wakajaa barazani. Akalinyanyua shati lake hewani na kuuliza kwa hasira kama huyu mama mwenye kujifanya msomi anajua jambo hili linaitwaje kwa Kiingereza. “Scorch!” akapiga kelele. “Linaitwa scorch!”

Bi Pasi akamwangalia kwa unyenyekevu. “Samahani sana, baba. Linaandikwaje?”

Karani alijaribu kuendelea kukasirika, ikamshinda. Shati alilipwa, mapato ya wiki nzima yalikwenda humo. Neno nalo aliliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa mahakamani.

Jirani zake wengine hawakuacha kumkejeli. Walimwambia muda wake umeshapita, awaachie watoto vitabu. Fundi ndiye aliyekuwa akimtetea kwa sauti kubwa: “Ng’ombe hazeeki maini!” Bi Pasi anakiri kwamba kuna siku alikata tamaa, akalala na maneno matano, akaamka na moja. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama.

Kosa lake kubwa, hata hivyo, halikuwa la shati. Lilikuwa kosa ambalo angeweza kulifanya dobi tu, tena dobi hodari.

Kila dobi ana beseni la kando. Humo hutiwa nguo inayotoa rangi: kitenge kipya, soksi nyekundu, chochote ambacho kikichanganywa na wenzake kitawaharibu. Hufuliwa peke yake, tena mwisho. Ukisahau mara moja, unarudisha mashuka ya hospitali yakiwa ya waridi.

Basi maneno nayo yakaanza kuleta wakorofi. Muuguzi alileta ‘glove’, glovu, neno la GL. Bi Pasi akaligeuza huku na huku. Glovu inang’aa wapi? Akalitoa kwenye kamba, akalitupa kwenye beseni la bluu lililokuwa chini ya meza. ‘Snake’, nyoka, hana habari za pua, besenini. ‘Slow’, mwendo wa taratibu, ataitwaje ndugu wa kuteleza? Besenini. Kila alipotupa alisema, kwa sauti ya mzaha, “Huyu si wa kwetu!” Mtoto akawa anatazama.

“Na ile sentensi aliielewa,” Bi Pasi anasema. “Kiswahili chote hakukijua, lakini hicho nilikirudia sana. Si wa kwetu, si wa kwetu.”

Jioni moja alikuwa anafunga duka. Akainama kulisogeza beseni ili afagie, akaona lebo mpya juu ya nyingine. Mwandiko ulikuwa wa mjukuu wake. Limeandikwa neno moja fupi, ‘Me’.

Bi Pasi anaisimamisha pasi wima na kuvuta kiti. Hii ndiyo mara pekee katika siku zote za mazungumzo ambapo mwandishi anamwona amekaa huku kazi ipo mezani.

“Hilo nilikuwa nalijua. Mimi. Mtoto amejiandika mwenyewe, akajitia kwenye beseni la wanaochafua wenzao.” Anajifuta uso kwa upindo wa aproni. “Mwanangu, nililia. Siku ya habari za msiba nilikuwa na watu wa kunishika. Siku hiyo nilikuwa peke yangu na beseni. Na aliyemfundisha ni nani? Ni mimi. Nilikuwa najifunza lugha ili nimfikie, kumbe kila siku namwonyesha kwamba asiyefanana na wenzake anatupwa kando.”

Angeweza kumweleza, lakini kwa lugha ipi? Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya chafya na vioo. Kwa hiyo alifanya anachokiweza. Akamwita mtoto. Mbele yake akazitoa lebo zote besenini, moja moja, glovu, nyoka na wenzao, akazibana kwenye kamba pamoja na nyingine bila kujali koo. Ile ya ‘Me’ akaibana katikati kabisa. Akachukua kipande kingine cha kitambaa, akaandika ‘Bibi’, akakibana pembeni yake kwa kibanio kimoja, viwili vimeshikana. Kisha akalipindua beseni juu chini, akalikalia, na kusema Kiingereza kirefu kuliko vyote alivyowahi kusema maishani:

“No basin. You, me, one rope.”

Hakuna beseni. Wewe, mimi, kamba moja.

Mtoto alizitazama lebo. Alimtazama bibi yake aliyekalia beseni, ambalo lilikuwa limeanza kubonyea. Akaja taratibu, akajisukuma mapajani mwake mpaka akaenea, akaanza kusema. Alisema kwa Kiingereza, haraka haraka, maneno ya miezi yote hiyo yanatoka kwa pamoja, na Bi Pasi hakuelewa hata robo.

“Nilisikia ‘Mum’. Nilisikia ‘cold’. Nilisikia ‘Bibi’ mara nyingi. Mengine sikuyapata. Lakini nilimshika, nikawa naitikia. Mtoto akilia huhitaji kamusi.”

Kimya wa mtaa akafa siku hiyo. Fundi Cherehani sasa anamwita Chiriku, na mwandishi anaweza kuthibitisha kwamba jina limempata. Mtoto anaporudi shuleni, hata begi halijatua, anaanza kuzungumza Kiingereza chake kilichochanganywa na Kiswahili kinachokua kila wiki. Amejitwika kazi ya wakili. Kila neno ambalo bibi yake anasema halifanani na ukoo, yeye hulitetea. Nyoka, anasema, naye ananusa, ila ananusa kwa ulimi. ‘Sleep’, usingizi, ni wa SL kwa haki, kwa sababu mtu haufuati kwa miguu, anateleza tu akazama. Kuhusu glovu bado kuna kesi.

“Glovu ya ngozi mpya inang’aa,” mtoto anamwambia mwandishi kwa Kiswahili, kwa ukali, kama vile mwandishi ndiye aliyekataa.

“Bibi anabisha,” anaongeza. “Bibi anabisha kila kitu.”

Mwandishi anarudi tena dukani mwaka wa shule unapoisha. Bi Pasi amekonda kidogo, au pengine ni mwanga. Shangazi ameahidi kupiga simu alasiri hiyo, simu ya kuonana uso kwa uso, na kila mtu barazani anajua ni simu ya nini. Fundi hajalala. Ameegemea mashine yake macho wazi, jambo ambalo halijawahi kuonekana saa hizo.

Ukutani kuna ukoo mpya, ST, wa vitu visivyobanduka. ‘Stand’, kusimama. ‘Stick’, kunata. ‘Stone’, jiwe. ‘Still’, tuli. Mwandishi anauliza mbona halipo neno ‘stay’, kubaki, ambalo lingekaa hapo vizuri kuliko yote.

Bi Pasi anapapasa mfuko wa aproni na kuchomoa ncha ya lebo, kisha anaisukuma ndani tena.

“Muuguzi aliniletea wiki iliyopita. Nimeificha. Niliapa sitamwomba, na kulitundika mbele ya macho yake si ndiyo kuomba?”

Kisha anamgeukia mwandishi. “Na wewe unajua Kiingereza. Tafadhali, usinitafsirie. Ukifungua mdomo nakutoa nje, gazeti au si gazeti.”

Simu inalia. Mtoto anaiegemeza kwenye rundo la mashuka na kukaa mbele yake. Bi Pasi anarudi kwenye pasi, amewapa mgongo, ananyoosha foronya ambayo haina kunjo hata moja.

Shangazi anazungumza kwa upole. Anamwonyesha mtoto chumba, kitanda chenye shuka la nyota, dirisha, baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Anamwambia shule iko karibu na wenzake wa zamani wanamuulizia. Kisha anauliza, waziwazi, bila kumvuta: unataka kuja kuishi na mimi, au unataka kukaa na Bibi?

Pasi inakwenda na kurudi.

Mtoto anaitazama baiskeli kwenye simu, kisha anaitazama kamba ya lebo ukutani. Halafu anajibu, na mwandishi anaweka jibu hapa kwa Kiswahili kwa sababu wasomaji hawakuapa kama Bi Pasi.

“Chumba ni kizuri, Shangazi. Lakini siwezi kuja. Bibi hajamaliza. Tuko kwenye ST tu, na koo ziko nyingi sana. Nikiondoka, nani atamwambia akikosea?”

Shangazi anatabasamu. “Na akishamaliza?”

Mtoto anageuka kumtazama bibi yake, mgongo mpana na mkono unaokwenda na kurudi. Anaisogelea simu, anaweka kiganja pembeni ya mdomo kama mtu anayetoa siri ya aibu ya ukoo, na kusema kwa mnong’ono uliosikika mpaka kwa Fundi:

“Auntie, Bibi is very, very slow.”

Shangazi, Bibi ni mzito wa kujifunza, sana, sana.

Mkono wa Bi Pasi unasimama. Anainua pasi, anaiweka kando kwa uangalifu, anaweka viganja vyote viwili mezani na kuinamisha kichwa. Mabega yanamtikisika. Mwandishi anadhani analia, na kweli analia, ila pia anacheka, na hakuna aliyemtafsiria hata herufi moja.

Kwenye simu, shangazi naye anajifuta macho. Anasema basi, kama mambo ndiyo hayo, likizo atakuja yeye, wamtafutie godoro. Mtoto anakubali kwa niaba ya nyumba nzima, anakata simu, na kukimbia uani kuanua mashuka kabla umande haujashuka. Fundi Cherehani anapuliza pumzi ndefu, anaegemeza kichwa kwenye mashine, na haichukui muda anaanza shughuli yake ya kawaida.

Bi Pasi anajikaza, anaivuta foronya nyingine. Mwandishi anamuuliza swali la mwisho, lile ambalo makala haya hayawezi kwisha bila hilo: mipango yake ya mbele ni ipi?

Dobi anachungulia uani kwanza, ahakikishe mtoto yuko mbali.

“Kesho tunaanza TW,” ananong’ona. “‘Twist’, kusokota. ‘Twine’, uzi uliosokotwa. ‘Twins’, mapacha. ‘Twirl’, kuzunguka. Nimeshaujua ukoo wote, na mwingine baada ya huo, na mwingine. Nilikuwa najifunza akiwa shuleni.” Macho yanamng’aa. “Kwa hiyo mpango wangu ni kukosea. Kesho nitakosea moja, keshokutwa nyingine. Taratibu. Si umesikia? Mimi ni mzito.”

Mwandishi anamkumbusha kwamba maneno hayo yatachapishwa gazetini, na mtoto anajua kusoma.

“Anajua kusoma Kiingereza,” Bi Pasi anasema, akirudisha pasi kwenye foronya. “Gazeti lako la Kiswahili bado linamshinda. Wewe andika tu, mwanangu, andika yote. Siku atakapoweza kulisoma hili mpaka mwisho, atakuwa wa kwetu kabisa, na anisute anavyotaka.”